Msaada Haumjui Asiyejulikana: Aina za Ulemavu na Fedha Zilizotengwa



Likizo ya Agosti mwaka jana dadangu alipanda basi la usiku kutoka Mombasa kuja kunitembelea hapa Machakos, ambako kazi imeniweka mwaka wa sita sasa. Nilimpokea alfajiri pale Kyumbi, njia panda ya kuingilia mjini. Alishuka na mkoba mmoja, na mgongoni amembeba mwanawe wa miaka tisa, amemfunika leso mpaka kichwani. Agosti huku kuna baridi ya kweli, na mtu asiyejua angedhani leso ile ni ya baridi. Mimi nilijua ni ya macho ya watu. Huyo mtoto amefunikwa hivyo hivyo Mombasa kwenye joto la Februari.

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo. Hatembei, mikono yake haimtii, na maneno yake machache anayafahamu mamake peke yake. Kucheka anacheka sana. Miaka yote tisa amekaa chumba cha ndani. Wageni wakija, mlango wafungwa.

Siku ya tatu jirani yangu, mama wa Kikamba anayeuza mboga sokoni, alimwona dadangu akimwota jua mtoto uani. Yeye pia ana binti wa hali ile ile, ila binti yake nimemzoea kumwona kila asubuhi akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda shule. Mama yule hakushangaa wala hakusikitika. Aliamkia, akakaa, akauliza swali moja tu: "Kadi yake muko nayo?"

Dadangu akanitazama. "Kadi gani, kakangu?"

Niliona haya, ndugu msomaji. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na miaka kadhaa nimeandika hapa juu ya ardhi, elimu na bei za samaki. Lakini kwa mtoto wa tumbo la dadangu sikuwahi kuuliza ana haki gani. Sote tulikuwa tukisema "ni kadari ya Mungu", kisha tukaishia hapo. Makala haya ni deni ninalolipa. Nataka tuelewane juu ya aina za ulemavu tunazoziona majumbani mwetu, fedha na misaada iliyotengwa, na njia ya kuifikia. Nitaanza na jambo moja ambalo nimelijua kwa kuchelewa: msaada haumjui asiyejulikana.

Sheria yasemaje

Watu wengi wakisikia "mlemavu" huona mtu wa magongo au mtu wa fimbo nyeupe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina maana pana zaidi. Kifungu cha 260 kinataja upungufu wa mwili, wa hisia kama kuona na kusikia, wa akili, wa kisaikolojia, na hata maradhi, mradi una athari kubwa au ya muda mrefu kwa mtu katika shughuli zake za kila siku. Kinaongeza pia hali ambayo jamii inaiona kuwa hivyo. Kwa hiyo mama aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi yumo. Kijana mwenye skizofrenia yumo. Mtoto mwenye usonji anayekimbia huku na huko akiwa na miguu yote mizima, naye yumo.

Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa maneno ya kumdhalilisha, haki ya kusoma, ya kufika mahali pa umma na kupanda vyombo vya usafiri, na ya kutumia lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali impe riziki ya hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Sheria ya kwanza ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2003, na Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi yake.

Sheria ile ya 2003 ilikuwa na kipengele ambacho ningependa kila nyumba ya Pwani ingekisikia. Ilimkataza mzazi, mlezi au jamaa kumficha mwenye ulemavu kwa namna ya kumnyima huduma na nafasi anazostahili, na ikaweka faini juu yake. Nilipomsomea dadangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilidhani namstiri."

Aina tunazoziona mitaani

*Ulemavu wa viungo.* Huu ndio mkubwa kwa idadi. Katika sensa ya 2019, kati ya watu 916,692 waliohesabiwa kuwa na ulemavu nchini, 385,416 walikuwa na shida ya kutembea. Humu wamo waliopata polio utotoni, waliokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, walioumia kwenye ajali za boda boda, waliopata kiharusi, watoto wa mgongo wazi, na watoto wa mtindio wa ubongo kama mpwa wangu. Mtindio si uchawi wala jicho la mtu. Ni ubongo kupata madhara kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo, mathalani kwa kukosa hewa uzazi ukiwa mgumu, kwa homa ya manjano kali ya kichanga au kwa homa ya uti wa mgongo. Hautibiki ukaisha, lakini mazoezi ya viungo yakianza mapema huzuia mikono na miguu kukakamaa.

*Ulemavu wa kuona.* Wako wasioona kabisa na wako wenye uoni hafifu. Hapa kuna la kuzingatia kabla ya kukata tamaa: mtoto wa jicho, ambao ndio unaowapofusha wazee wetu wengi, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Presha ya jicho ni mambo mengine. Ikishaharibu mshipa, kuona hakurudi, ila ikigunduliwa mapema huzuiwa isiendelee. Kwa aliyekwisha kupoteza kuona kuna mafunzo. Hapa Machakos kipo Chuo cha Ufundi cha Wasioona, na vijana kutoka pande nyingi za nchi huja kusoma kazi za mikono, kompyuta na nukta nundu. Kwetu Pwani tuna shule ya wasioona ya Likoni.

*Ulemavu wa kusikia.* Mtoto haongei, watu wasema ulimi umefungwa. Mara nyingi ulimi hauna neno, ni masikio. Mtoto asiyesikia hajifunzi kusema. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara likipuuzwa laweza kuishia kwenye uziwi, kadhalika homa ya uti wa mgongo. Mtoto kama huyu ahitaji lugha ya ishara mapema, asije akafika miaka kumi hana lugha yoyote. Shule ya viziwi ya Ziwani, Mombasa, ni mfano wa mahali pa kuanzia kuuliza.

*Ulemavu wa akili na wa ukuaji.* Humu wamo watoto wenye hali iitwayo Down, wenye usonji, na wale ambao ufahamu wao hukua polepole. Hawa ndio wanaofichwa zaidi, na ndio wanaoitwa majina mabaya zaidi.

*Ulemavu wa kisaikolojia.* Ni maradhi ya akili ya muda mrefu, kama skizofrenia na sonona kali. Wengi wetu tunamaliza fedha kwa waganga kabla ya kufika kliniki. Sisemi watu waache dua, kwani dua ni yetu. Nasema dua na kidonge havigombani.

*Ualbino.* Ngozi na macho hukosa rangi ya asili. Hatari kubwa ni jua, na saratani ya ngozi huja mapema kwa asiyejikinga. Uoni wao pia huwa hafifu, na mtoto akiwekwa nyuma darasani huonekana mzembe kumbe haoni ubao.

Kuna pia kifafa kisichodhibitika, na kuna walio na ulemavu zaidi ya mmoja, mathalani asiyeona na asiyesikia kwa pamoja.

Sasa tazama hesabu hii. Shirika la Afya Duniani lakadiria mtu mmoja kati ya kila sita ulimwenguni ana ulemavu wa kiasi fulani, yaani asilimia 16. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 tu ya watu wa miaka mitano na zaidi. Ile ya 2009 ilikuwa imepata asilimia 3.5. Maswali ya sensa yalibadilika, hilo nalikubali, na vipimo havifanani. Lakini na sisi tujiulize: karani wa sensa alipobisha hodi kwa dadangu na kuuliza kama nyumbani kuna mwenye shida ya kutembea, alijibiwa nini? Nilimuuliza. Alijibiwa hakuna.

Mlango wa kwanza: kadi

Karibu kila msaada nitakaoutaja chini hupitia mlango mmoja, nao ni kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza lina maafisa katika kaunti. Njia yake ni hii.

Kwanza ni tathmini ya daktari. Mwenye ulemavu hupelekwa hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, akiwa na kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto. Kamati ya wataalamu humpima na kujaza ripoti: aina ya ulemavu, kiwango chake, na kifaa au huduma anayohitaji. Kamati hizi haziketi kila siku. Sisi tulikwenda mara mbili, mara ya kwanza tukarudi mikono mitupu kwa kuwa hatukuuliza siku. Wewe uliza kwanza, uokoe nauli.

Pili, ripoti hupitishwa na idara ya afya ya kaunti. Tatu, maombi hufanywa kwa Baraza kupitia mtandao wa eCitizen, na asiyejua kompyuta asaidiwe na afisa wa Baraza katika kaunti yake. Mwisho hutoka kadi.

Kusajiliwa na Baraza hakulipiwi. Nasema hili kwa herufi kubwa za moyoni. Dadangu aliporudi Mombasa kijana mmoja alimwambia ana mtu ndani, atoe elfu tatu kadi itoke haraka. Kadi yetu ilikuwa tayari imo njiani bila hata senti. Anayekuuzia kadi anakuibia, na huenda akakupa karatasi ya bandia itakayokuletea kesi.

Usikose kuangalia kiwango kilichoandikwa kwenye ripoti. Neno hilo moja ndilo litakaloamua mlango upi utafunguka na upi utabaki umefungwa. Mzazi mwenye haya huwa anapunguza akiulizwa na daktari: "Ajaribu kula mwenyewe," "ajaribu kukaa." Ndivyo dadangu alivyoanza, nikamgusa bega. Mbele ya daktari sema kweli yote, usiongeze na usipunguze. Kama unamlisha, mlishaji ni wewe. Kama unaamka mara tatu usiku kumgeuza, sema mara tatu.

Fedha na misaada yenyewe

*Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa.* Huu ni mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 2011 kwa kundi hili. Hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu ambaye ulemavu wake unahitaji kuangaliwa usiku na mchana. Pesa hupokewa na mlezi kwa niaba yake. Masharti makubwa ni matatu: ulemavu uwe mkubwa kiasi hicho, kaya iwe maskini, na kaya isiwe tayari inapokea fungu jingine la Inua Jamii, kama lile la wazee au la mayatima. Kwa hiyo mtu mwenye mguu mmoja anayefanya kazi yake, hata akiwa na kadi, huu si mlango wake. Asivunjike moyo, milango yake iko chini.

Kuandikishwa huanzia mashinani, kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, pale unapoishi. Si kila siku orodha iko wazi. Serikali ikitangaza uandikishaji, wanaotajwa kwanza ni wale ambao chifu na mzee wa mtaa wanawajua. Hapa ndipo siri ya nyumba inapogeuka hasara. Shilingi 2,000 si nyingi, na wakati mwingine hukawia zikaja za miezi kadhaa kwa pamoja. Lakini ni nepi, ni unga, ni nauli ya kliniki. Na miaka uliyokaa kimya hailipwi nyuma.

*Mfuko wa Baraza.* Baraza lina mfuko wa maendeleo wa watu wenye ulemavu. Kupitia huo hutoa vifaa saidizi kama viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe na vifaa vya kusikia. Hutoa karo kwa wanafunzi, ambayo hulipwa moja kwa moja shuleni au chuoni. Hutoa zana za kazi, kama cherehani. Na hutoa ruzuku kwa vikundi vilivyosajiliwa. Ruzuku si mkopo, hairudishwi, ila kikundi lazima kieleze mradi wake na kutoa hesabu. Kwa wenye ualbino kuna mafuta ya kujikinga na jua yanayotolewa bure kupitia hospitali za umma. Mwenye ualbino anayenunua chupa dukani kwa bei kali aulize hospitali ya karibu kwanza.

*Msamaha wa kodi.* Huu ni kwa mwenye ulemavu anayepata mshahara au kipato. Kwa agizo la mwaka 2010, shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazikatwi kodi ya mapato. Mwalimu mwenye ulemavu anayelipwa 80,000 hakatwi kodi hiyo hata shilingi. Anayelipwa 200,000 hukatwa kwa zile 50,000 zinazozidi. Makato mengine, kama ya bima ya afya, yanabaki. Msamaha hauji wenyewe. Unaomba kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, ukiwa na kadi ya Baraza na ripoti ya daktari, na cheti unachopewa kina muda wake, hivyo kihuishwe kabla hakijaisha. Nimekutana na mtumishi wa umma hapa Machakos, mtu wa magongo tangu utotoni, aliyekatwa kodi miaka mingi kwa kutojua tu.

*Ushuru wa gari.* Gari lililotengenezwa au kurekebishwa kwa matumizi ya mwenye ulemavu laweza kusamehewa ushuru wa forodha likiingizwa nchini, mara moja kwa kila miaka 4. Wachache wetu wanaufikia mlango huu, lakini ujulikane upo, hasa kwa jamaa zetu walioko Oman na Dubai wanaotaka kumsaidia ndugu.

*Uwezo, na zabuni.* Mfuko wa Uwezo hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba. Kwetu Waislamu neno hilo "bila riba" lina uzito, ila soma karatasi zote uone ada ya usimamizi kabla ya kutia saini. Pia asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa makundi hayo matatu chini ya mpango uitwao AGPO. Fundi cherehani mwenye ulemavu aliyesajili biashara yake aweza kuomba kushona sare za shule ya serikali. Wengi hawaombi, na nafasi huchukuliwa na wajanja wanaoazima jina la mlemavu, wakampa kidogo mkononi. Ukiwa na ulemavu usiazimishe jina lako. Biashara ikiharibika, deni litabaki lako.

*Karo na shule.* Kabla ya kumtafutia mtoto shule, mpeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu, kinachojulikana kwa herufi EARC. Afisa wa elimu wa eneo lako atakuelekeza. Wao humpima mtoto na kusema kama anafaa shule ya kawaida yenye msaada, kitengo maalumu ndani ya shule, au shule maalumu. Kwa watoto wa mtindio wa ubongo Mombasa ina shule ya Tom Mboya. Basari za eneo bunge na za kaunti nazo ziombwe, na kadi iambatishwe kwenye fomu.

*Kazi.* Mjini Mombasa tusisahau Bombolulu, iliyoanzishwa mwaka 1969 chini ya Shirika la Walemavu wa Viungo la Kenya. Watu wenye ulemavu wametengeneza pale mapambo na vitu vya ngozi na mbao vilivyouzwa mpaka ng'ambo. Wapo watoto waliosomeshwa na mshahara wa mzazi aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa wasomaji wetu wa Tanga na Dar es Salaam: kwenu halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri.

Zaka na sadaka

Kuna swali huulizwa msikitini: je, mlemavu apewe zaka? Ulemavu peke yake si fungu la zaka. Mafungu yanajulikana, na mwenye ulemavu tajiri atoa zaka kama tajiri mwingine. Lakini familia inayokula mlo mmoja kwa sababu mama hawezi kutoka kufanya kazi, kwa kuwa mtoto hawezi kuachwa peke yake, hiyo imo katika mafukara na masikini bila ubishi. Kamati za misikiti yetu zingekuwa na daftari la nyumba hizi, kila mtaa, zaka ingefika mahali pake badala ya kumwagika kwa anayejua kulia mlangoni.

Na tukumbuke Abdullah ibn Umm Maktum. Alikuwa haoni, na ni kwa sababu yake ilishuka sura ya Abasa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanya mwadhini, na aliposafiri aliwahi kumwachia usimamizi wa mji wa Madina. Hakumwekea sahani ya sadaka mlangoni. Alimpa kazi na madaraka mbele za watu. Vipi sisi tunaoisoma sura hiyo tuwe na watoto waliofungiwa chumba cha ndani?

Tulipofika

Sitaki kukudanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Kadi ya mpwa wangu imetoka. Kiti cha magurudumu tumeomba na tunangoja. Chifu wa kwao amemwandika, na orodha ya Inua Jamii ikifunguliwa jina lake litakuwepo, ila lini sijui. Shule moja ya binafsi ilimkataa kabla hata ya kumwona. Kituo cha tathmini kimempima na kusema anafahamu mengi kuliko tulivyodhani, na kwamba mazoezi ya viungo yangeanza akiwa mchanga mkono wake wa kulia ungekuwa na nguvu zaidi. Maneno hayo dadangu aliyapokea kwa machozi, nami sikuwa na la kumwambia, maana nami nilikuwepo miaka yote hiyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sitiri ya kweli ni kumlinda mtoto asitukanwe. Kumfanya asijulikane ni kitu kingine kabisa, na gharama yake hulipwa na yeye.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna wa hali hii, wiki hii fanya mambo matatu tu: tafuta cheti chake cha kuzaliwa au kitambulisho, uliza hospitali ya umma iliyo karibu siku ya tathmini, na mpelekee chifu jina lake. Kama huna, lakini mtaani kwako kuna nyumba ambayo mlango mmoja hufungwa wageni wakija, bisha hodi kwa adabu, kaa, kunywa chai, kisha uulize kama alivyouliza yule mama muuza mboga wa Machakos. Usiulize "ana nini?" Uliza kama kadi wako nayo.

Wiki iliyopita dadangu alinipigia simu baada ya alasiri. Nilisikia makelele ya watoto nyuma yake, nikamuuliza yuko wapi. Yuko barazani, akasema, na mwanawe yuko kwenye mkeka kando yake, watoto wa jirani wanacheza gololi na wamemfanya yeye mshika gololi. Nikamuuliza kama amemfunika.

"Joto hili, kakangu?" akaniambia. "Nimfunike ya nini?"